Vidole Vinne

Mgongo ulianza kunisemesha mwezi wa Machi,
meza ya hesabu, kiwanda cha minofu, Igogo,
saa tano, kila siku saa tano,
kama mdai anayejua tarehe ya mshahara.

Nilikuwa nakalia plastiki, kile cha buluu,
cha harusini na msibani,
kinachokufinya paja kwa ufa wake ukitaka kuondoka.
Nikaweka mto. Nikaweka kanga, nimeikunja mara sita.
Nikaongeza daftari la mapokezi la mwaka juzi:
tani na tani za sangara chini ya makalio yangu
na kiuno bado kinawaka.

Nyanzobe wa stoo akasema, nunua cha kuzunguka.
Jumamosi nikashuka Makoroboi.
Muuzaji akakivua nailoni polepole,
kama anamfunua bibi harusi.
"Hiki, dada, alikalia meneja wa benki."
Nikakaa. Nikazunguka. Mji mzima kwa mduara mmoja:
mawe, mabati, ziwa, mawe.
Laki na nusu.
Wiki ya pili pumzi yake ikaisha.
Naanza barua nikiwa mrefu,
namalizia kidevu kikiwa mezani,
mtoto aliyetumwa ofisini kwa baba.

Kule Bugando, kijana wa viungo hakuandika dawa.
Aliuliza: "Ukikaa, miguu inafika chini?"
Nikacheka.
Kisha sikucheka.
Miaka tisa nimening'inia.

Nikaenda kwa Lushinge, fundi wa Mabatini.
Hakutaja bei wala rangi.
Alinikalisha juu ya gogo, akavuta uzi
kutoka goti hadi kisigino, akapiga fundo.
Kutoka gogo hadi kiwiko, fundo la pili.
"Sasa nipeleke kwenye meza."
Meza? Mimi nimefuata kiti.
"Twende tu," akasema, misumari mdomoni.

Akaja jioni, mashine zimezimwa.
Akaipima meza kwa uzi wangu. Uzi haukufika.

Ilikuwa meza ya Mzee Bulemo, mhasibu wa kwanza,
futi sita bila kofia.
Amestaafu, yuko Ukerewe na michungwa yake,
na mimi huku bado napandisha mabega
kufikia kimo cha mtu asiyekuwepo.

"Nani ameruhusu?" mlinzi akauliza.
"Mgongo," nikamjibu.
Msumeno ukaingia mguu wa kwanza,
vidole vinne,
na wa pili, na wa tatu,
na unga mwekundu wa mninga ukanijaa viatuni.

Kiti alichonitengenezea hakina magurudumu.
Kamba za katani, miguu mifupi,
na ubao mmoja tu nyuma, umekaa pale penye shida,
kama kiganja cha shangazi: nyooka, wageni wanaingia.

Sitadanganya. Saa tano bado inabisha hodi.
Ila siku hizi nainuka, nakwenda dirishani,
nawatazama korongo juu ya bati wakingoja utumbo,
mabega yamepanda masikioni, kutwa nzima,
maskini, hakuna aliyewapima.

Vile vipande vinne nimevifungia droo ya chini,
nimeviandikia karatasi, tarehe na sahihi.
Mkaguzi akija na maswali yake,
meza ya ofisi ipo yote,
haijapotea hata kidole.