Fundo la Waya

Saa kumi alfajiri simu inalia, meneja wa hoteli:
"Fundi Chamwande, mtambo wako umegoma,
nina timu nzima ya netiboli kutoka Tabora
wamejipanga kwenye korido, mataulo mabegani."
Mtambo wako, anasema. Ukiharibika huwa wangu.

Mtaa wa Mchikichi, wasukuma mikokoteni peke yao wako macho.
Napita nyuma ya jiko, napanda ngazi ya chuma
hadi kichumba kilicho chini ya paa,
ambamo Ngoda, mlinzi, ametandika godoro lake
maana masika haya ndipo palipobaki pakavu.

Naanza na pua. Gesi haina siri, ingenuka.
Kisha povu la sabuni kwenye kila ungio;
nasubiri litoe mapovu, halitoi.
Mitungi imejaa. Vali inafunguka.
Nafungulia maji ya chini: kwanza mekundu kama chai ya rangi,
halafu vinakuja vijiwe, vyeupe, vinagonga ndoo.
Chumvi ya kisima. Tumbo zima limeshika ukoko
kama sufuria ya pilau ya shughuli.
Hilo linaeleza ngurumo za usiku.
Halielezi moto kuzimika.

Nabonyeza, nawasha, nahesabu thelathini.
Unashika. Lakini si buluu:
ni wa njano, mrefu, unalamba chuma na kuacha masizi.
Moto wa njano ni moto unaotafuta pumzi.

"Ngoda, unalala humu tangu lini?"
"Tangu mfungo, fundi."
"Na kichwa?"
"Kinauma kila nikiamka. Nimepimwa malaria
mara tatu. Hawaoni kitu."

Nazima gesi.
Dirisha limeganda kwa kutu. Navunja kioo kwa spana.

Ndipo nafuata nyaya za swichi ya usalama,
ile inayokata gesi moshi ukirudi ndani,
kabla aliyelala hajalala moja kwa moja.
Swichi ni nzima. Imerukwa.
Kipande cha waya mwekundu, toka mguu huu hadi ule,
mwishoni fundo, limezungushwa mara tatu kwenda kushoto,
ncha imekunjwa ndani isije ikamchoma mtu.

Mimi mashoto.
Fundo lile nalijua kama saini yangu.

Ilikuwa harusi, mwaka juzi. Swichi ilikata kila nusu saa.
Meneja alisimama mlangoni, noti mkononi,
nami nikasema: ni ya muda tu, kesho nitaleta mpya.
Kesho. Nikakunja ncha vizuri, nikaondoka.
Na swichi, maskini, haikuwa mbovu.
Ilikuwa inasema kweli, nikaiziba mdomo.

Juu ya paa kunapambazuka. Natia mkono ndani ya dohani:
kiota cha kunguru juu ya kiota cha kunguru.
Vijiti vichache; vingine vyote chuma.
Henga ya nguo. Spoku tatu. Waya wa kufungia nondo,
umesokotwa kwa ustadi ambao sina.
Nakitoa kipande kipande, mwenyewe ananipiga mbawa kisogoni.
Ana haki. Tumejenga wawili hapa, kwa waya,
yeye angalau alikuwa na makinda.

Nafunga swichi mpya. Nawasha. Nahesabu.
Buluu, fupi, imetulia kama mtu aliyeshiba.
Chini, ghorofa ya pili, wasichana wa Tabora wanapiga vigelegele.

Ngoda amebeba godoro lake begani, anateremka.
"Kumbe ulikuwa moshi! Fundi, Mungu akuzidishie."
Sikuitikia amina.

Mezani kwa meneja naandika risiti.
Kusafisha ukoko. Kuzibua dohani.
Swichi moja: bure.
"Bure kwa nini?" anauliza.
Kalamu inasimama pale pale.
Mfukoni mwa shati, ule waya unanichoma;
ncha yake imekunjuka.