Na Mwengine Nani?

Nimekodiwa siku nne nikwangue chumvi
kwenye hekalu la Wasingala, nyuma ya mitaa ya masonara.
Hasali mtu tena humo. Kuna popo,
na ufunguo anao Mzee Piyasena, anayesikia kwa sikio moja.
"Polepole na wanawake," kaniambia. "Ndio waliobaki."

Kweli. Aliyekaa katikati unyevu umemchukua,
limebaki goti na kipande cha joho la manjano.
Lakini mabinti watatu waliotumwa wamshawishi
bado wanacheza.
Aliyewachora alikuwa sonara, huhitaji kuambiwa:
kila kikuku kina uzito wake,
kipini cha puani kinameta mpaka leo,
ila mikono ilimshinda. Wa kati ana vidole sita.
Nilicheka peke yangu,
kisha nikakipangusa cha sita kwa pamba
kama vile vitano.

Chini kabisa, karibu na sakafu,
pale fundi anapochoka akaharakisha,
yupo mwengine. Katoka udongoni mpaka kiunoni
kama muhogo uliong'olewa ukagoma.
Nywele mbichi, chungu mkononi, nguo kaifunga kifuani
kama tufungavyo sisi tukienda kisimani.

"Huyo ardhi," kasema mzee. "Adui alikuja na jeshi,
akauliza, nani shahidi kuwa mahali hapa ni pako?
Yule akagusa chini kwa kidole.
Ardhi ikachomoza, ikasema, mimi."
"Peke yake?"
"Peke yake."
"Hawakumwambia alete wa pili?"
Mzee alikuwa keshageuka na sikio lake bovu.

Mtambwe nilikuwa na mikarafuu kumi na saba.
Mama aliipanda, mashimo nilichimba mimi.
Kwa kadhi nikasema nilichokiona.
Na mwengine nani, wakaniuliza.
Kaka zangu walileta wanaume wawili kutoka Wete
wasiowahi kushika hata mche.

Kibla changu nakijua. Adhuhuri nilitoka, nikaswali, nikarudi.
Magoti nilipiga kwa sababu yuko chini,
na chumvi ya chini haikwanguliki umesimama.
Kiunoni kushuka hayupo.
Walimkubali hivyo hivyo, nusu.

Jioni ya nne mzee akataka nimalizie lile goti.
Nikamwambia chokaa imekwisha.
Ilikuwepo, konzi moja.
Nimezibia ufa uliokuwa ukimjia shingoni.