Safu ya Saba

Fomu ilikuja na kurasa thelathini na mbili.
Dakta Nakijwa aliibeba kifuani kutoka chuoni
kama mtu abebaye trei la mayai,
akaiweka mezani pangu, kati ya rejista ya mahudhurio
na chupa ya chai.
"Ruzuku ya ubunifu," akasema. "Chuo na kiwanda, bega kwa bega.
Mfuko utatoa sabini katika kila mia.
Thelathini ni zenu."

Mimi ni karani wa kiwanda cha mkonge, Pongwe.
Thelathini naijua: ni tarehe ya mshahara
inayofika mshahara haujafika.

Ila naijua na hesabu nyingine.
Katika kila kilo mia za majani
yanayoingia kinywani mwa korona
nyuzi ni kilo nne.
Nne!
Tisini na sita tunazimwaga nyuma ya ukuta,
uji wa kijani unaochacha, unaowasha miguu ya watoto,
unaoshuka kijitoni bila kuaga.
Babu yangu alikuja hapa manamba, akapewa kipande,
akaunusa uji huo. Baba akaunusa.
Mimi nimeunusa hadi pua imeacha kunipa taarifa.
Na sasa binti wa watu, viatu vya ofisini vimezama topeni,
anautazama kama aliyeona noti imeanguka njiani.
"Humu mna gesi," anasema.
"Humu mna moto umelala."

Basi tukajaza.
Safu ya kwanza, banda. Ya pili, maji ya kisima.
Ya tatu, tangi kuukuu la dizeli
lililoota kutu upande mmoja tu, sijui kwa nini.
Ya nne na ya tano nimezisahau.
Ya sita, usingizi wa mlinzi, ambao tuliuita ulinzi.
Kila kitu tukakipa bei, hata kivuli cha bati,
maana fomu ilitaka mchango usio wa fedha
uthaminiwe kwa fedha.
Tulipojumlisha tukafika ishirini na sita.
Zimepungua nne.
Nne tena.

Hapo nikamkumbuka Singano.
Singano fundi, mwenye vidole tisa;
cha kumi alikilipa korona mwaka ule wa mvua nyingi.
Yeye hazimi mashine ili akague visu.
Huketi juu ya ndoo, ameipa mgongo, anamenya karanga,
mara husema, "Kisu cha tatu kimechoka."
Wakifungua, ni cha tatu.

Nikaandika: *Safu ya saba. Sikio, moja.
Limetumika miaka thelathini na moja.*
Dakta akacheka, kisha akaacha kucheka.
Hiza, mwanafunzi wake, akatafuta simuni:
kifaa cha kupima mtetemo, kutoka ng'ambo,
milioni kumi na nne, bila ushuru.
"Na hakimenyi karanga," akasema.
Tukaandika milioni kumi na nne.

Miezi mitano kimya.
Kisha barua, aya mbili, muhuri mmoja:
mradi umekubaliwa kwa masharti.
Kuhusu safu ya saba,
tafadhali ambatanisheni risiti.

Risiti ya sikio!
Nikamsomea Singano. Akatafuna, akameza,
akapangusa maganda mapajani.
Akaweka mkono wa kushoto juu ya barua, akautandaza,
vidole vinne na pengo.
"Piga picha," akasema.
Hiza akapiga. Tukatuma.
Hawajajibu.

Jana, kwenye pipa la majaribio,
Hiza alifungua koki, akawasha kiberiti.
Mwali ukatoka, wa buluu, mdogo kama ukucha,
ukatetemeka chini ya sufuria,
ukazimika. Chai haikuchemka.
Dakta akaandika kitu daftarini, akakikata.

Nyuma yetu, kutoka juu ya ndoo,
bila kugeuza shingo:
"Inavuja hiyo. Kiungo cha pili."