Ampea Tano

Todmorden, Februari. Mfereji umeganda kingoni,
katikati unafuka kama sufuria iliyosahaulika.
Naingia kinyumenyume, ngazi tatu za mbao,
mkoba wa vifaa mbele, mimi nyuma,
ndani ya mashua ndefu, nyembamba kama ushoroba,
makao ya Bwana Ackroyd tangu kiwanda cha nguo kimwage.

"Volti kumi na mbili tu, binti," ananiambia.
Anagusa vichwa vya betri kwa vidole viwili, anacheka.
"Hata ulimi haziumi."

Kweli, haziumi.
Hazimrushi mtu ukutani
kama zile mia mbili na thelathini za nchi kavu.
Hizi zina adabu: zinabisha mlangoni mwa ngozi,
zikinyimwa njia, zinarudi zilikotoka.
Lakini shaba haina ngozi.
Shaba humfungulia kila abishaye,
na chini ya ngazi hii betri nne, bega kwa bega,
zimelalia ampea mamia zinazongoja upenyo.

Nafungua kisanduku.
Nyekundu, kumi. Buluu, kumi na tano.
Na pale pa taa za chumbani,
inapostahili kukaa ile ya hudhurungi, ya ampea tano,
pana karatasi ya chokoleti
iliyokunjwa mara nne,
kwa uangalifu wa mtu akunjaye barua.

Sisemi kitu.
Anasema yeye:
zilikatika sita, wiki moja, Novemba.
Beryl alikuwa kitandani, na Beryl hakupenda giza.
Duka limefungwa. Chokoleti ipo.

Nafuata waya kwa kidole nyuma ya mbao,
tundu hadi tundu,
mpaka harufu inapotangulia kidole.
Naondoa ubao.
Urefu wa kiganja, waya umevuliwa nguo,
mbao nyuma yake nyeusi kama kitako cha chungu,
na katikati, kati ya mwekundu na mweusi,
ncha ya skrubu inang'aa, haina habari.

Skrubu ya rafu. Juu ya kitanda.
Miwani, redio, chupa tatu za dawa ambazo hakuna aliyezitupa.

"Niliipigilia mwenyewe," anasema. "Novemba.
Asihangaike kuinama."

Birika linachemka. Hakuna anayeliendea.

Fyuzi, Bwana Ackroyd, hailindi taa.
Taa ikifa, ikafa, pauni mbili unanunua nyingine.
Inalinda waya.
Imeumbwa nyonge kuliko jirani zake wote
ili yenyewe ndiyo itangulie.
Sita zilikufa hapa zikisema neno moja,
ya saba ukaiziba mdomo kwa karatasi ya fedha.
(Haya ya mwisho sikuyatamka.
Niliyasema kwa koleo, nikikata.)

"Kichwa chake kilikuwa hapo," anasema.
"Hapo hapo. Majira yote ya baridi."
Si swali, lakini ananitazama kama ameuliza.
Nilitafuta uongo mdogo, wa kufaa siku hiyo.
Ulimi, ambao volti haziumi, uliniuma.
"Ndiyo," nikasema.

Nimevuta waya mpya, mnene kidogo.
Nimehamisha kisanduku
shubiri moja tu kutoka kichwa chanya,
maana hatua zile tatu za waya mtupu
hazikuwa na mlinzi hata siku moja.
Rafu amekataa niiguse.
Ameinua skrubu mwenyewe, inchi mbili juu,
mkono ukitetemeka, nami nimemshikia tochi.
Kisha ameweka pakiti ya fyuzi za hudhurungi
kati ya redio na dawa.

Karatasi ya chokoleti ameinyoosha kwa ukucha,
ameitia mfukoni.

Nje barafu inalia chini ya bata.
Nawasha gari, natoa simu.
Mara sita wiki hii Mama kapiga kutoka Korogwe,
na mara sita imekatika katika sentensi ile ile,
anapoanza, "Mwanangu, sikutaka kukusumbua, ila..."
Nimekuwa nikisema ni mtandao.