Robo Kilo

Kwenye kadi ya shingoni wamenichorea bendera ya Ubelgiji.
Sikuwakosoa. Leuven ndiko nilikotokea,
Morogoro iko nyuma ya Leuven,
na fomu ya kubadilishana wanafunzi ilikuwa na kisanduku kimoja tu.
Basi muhula mzima hapa Aberdeen
naitwa na kundi la Wabelgiji,
mimi, Semeni Mkude wa Mji Mpya,
nyuma ya Joren, aliyechoka kunielezea kwa watu.

Maabara iko chini ya ardhi. Dirisha ni moja,
nalo linatazama viatu vya wapita njia
na mvua inayonyesha kwa ubavu.
Mwenzangu wa meza ni Jerneja, Mslovenia,
anayenong'ona namba kwa lugha yao
kama anayezibembeleza.
Wiki ya tatu: pendula. Uzi, chubwi la shaba,
na jicho la taa linalohesabu badala yetu.

Shuleni tuliambiwa, chukueni g kuwa kumi.
"Kumi," alisema mwalimu Chuma, "haina chenji."
Chuoni ndiko nilikoipima mwenyewe,
kwa uzi wa cherehani na kufuli la kabati:
tisa nukta saba nane.
Nikaishika kichwani kama namba ya simu ya nyumbani.

Hapa inatoka nane mbili.
Tunarudia. Nane mbili.
Jerneja anafuta miwani,
mimi napima uzi upya, naushuku uzi.

Fundi wa maabara, Bi Geddes,
anapita na kikombe cha chai iliyopoa.
"Hiyo saba nane umeitoa wapi?"
"Nyumbani."
"Basi ni ya huko,"
na anaendelea kutafuta bisibisi yake.

Kumbe. Dunia imebonyea huku kwenye ncha,
sisi wa katikati tuko mbali kidogo na kiini chake,
tena inatuzungusha mbio, inatupunguzia.
Pembeni mwa daftari napiga hesabu:
kilo zangu sitini, mwili uleule,
zinavutwa huku kana kwamba nimeongezwa robo.
Robo! Kipimo cha sukari ya mama,
anachokifunga kwenye gazeti, pembe tatu,
kwa jirani ambaye nusu imemshinda.

Usiku, radieta ikigongagonga, nikaandika:

*Mama kwako ni salamu, huku niko salimini,*
*Baridi yauma humu, yaingia mifupani,*
*Uzito nao, fahamu, umezidi ugenini,*
*Robo kilo ya kudumu, naibeba maungoni.*

Sikuutuma ubeti. Nilipiga simu.
"Mama, huku nimezidi robo kilo."
Kimya. Nasikia kijiko kikikwangua ndoo ya sukari.
"Nani kakupimia?"

Nilicheka mpaka Jerneja akagonga ukuta.
Maana swali ndilo hilo.
Mizani ya mama ni ya sahani mbili na jiwe.
Ukiileta Aberdeen,
sukari itazidi na jiwe litazidi,
mshale utasimama wima palepale,
na mbele ya mteja itaapa
kwamba hakuna kilichobadilika.
Inayojua ni ile ya springi,
kwa sababu yenyewe huvutika.

Ripoti tumeiwasilisha Ijumaa.
Kwenye vyanzo vya makosa Jerneja aliandika
upepo wa mlangoni, na urefu wa uzi.
Mimi nilianza mstari, nikaukata,
wino bado unaonekana.

Kutoka maabara ni ngazi kumi na tisa.
Joren ananisubiri juu, koti limelowa,
anauliza mbona nahema hivyo.
"Nimebeba sukari," namjibu,
naye anatazama mikono yangu.