Ramani ya Bi Zulekha

Nyuma ya bili ya maji, kwa wanja wa macho,
shangazi alinichorea Mombasa nzima.

"Gari liache Makadara. Ndia Kuu ni ya miguu.
Ukinusa mkate wa sinia, kata kushoto."

Nimefika. Hapanuki mkate; pana kinyozi.
Nakata kushoto vilevile.

Halafu Nyali, halafu daraja la Mtwapa,
usukani moto kama kikaango,
bahari mkono wa kulia ikichungulia
baina ya kuta za watu.

Kikambala wanja umekoma:
"Hapa shuka. Vua viatu."
Kwa nini, hakuandika.

Maji makavu. Kaa mmoja ananitazama
kwa jicho la kudai nauli.
Navua.
Nageuza karatasi: bili haijalipwa,
na wanja umenishika kidole gumba.