Daftari la Kilo

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kilo,
miaka kumi na moja, kalamu imefungwa kwa uzi wa nyavu
kwenye mguu wa mizani, kiwandani Igogo.
Namba ya kreti, jina, uzito.
Namba, jina, uzito.
Sangara peke yake hakuwa na jina.

Mwezi wa Mei alikuja kijana na kamera,
akaifunga juu ya meza ya Nkwimba.
"Kata tu kama kawaida, mama."
Nkwimba akakata. Kisu kiliingia nyuma ya pezi,
kikapapasa uti kama mtu atafutaye swichi gizani,
kikatoka na mnofu mzima, hauna mwiba.
Siku tatu walimpiga picha kiganja.
Ya nne wakampa soda na fulana.

Desemba mashine ikateremshwa kwenye lori,
bado inanuka rangi.
Ilipowashwa, Mafuru alicheka,
kisha akanyamaza.
"Huo mkono ni wa Nkwimba."
Kweli. Chuma kilipinda kifundo alivyopinda yeye,
na penye mbavu kikasita kidogo,
kama asitavyo yeye
tangu mwaka ule alipojikata gumba.

Meneja akaniita chini ya feni yake.
"Karani, daftari halidanganyi.
Nitolee arobaini wa juu.
Wale mia mbili na sabini na wawili tutawapa barua."

Nikaenda nalo nyumbani, Mabatini,
nikalifungua juu ya godoro, wanangu wamelala.
Limi, mimba ya miezi minane: kilo mia mbili na kumi.
Mchana ule ameegemea nguzo, anahema.
Magesa, wiki ya matanga ya mwanawe kule Ukara:
mia moja na themanini,
na hata boti ya kurudi hajapanda.
Sayi, malaria: mia mbili kamili.

Nilijua ni za nani.
Kreti zilisogezwa kwa goti chini ya meza,
kibandiko kikabanduliwa, kikabandikwa,
nami niliandika, macho chini.
Miaka yote hiyo wagonjwa ndio waliokuwa hodari,
na kule mkiani mwa ukurasa, kilo hamsini, kilo sitini,
wamejipanga waliowabeba.
Nkwimba mwenyewe alikuwa wa mia tatu na tano.

Arobaini gani, sasa?

Asubuhi nilipanda juu ya kreti, nikasoma.
"Limi. Mia mbili na kumi."
Kimya. Bomba linadondoka.
Sauti ya nyuma, karibu na barafu: "Thelathini zangu."
"Arobaini zangu."
"Zangu usizihesabu, nilishasahau."
"Magesa," nikaendelea,
na Magesa akavua kofia ya plastiki akajifuta nayo uso.

Nkwimba alipangusa kisu kwenye aproni,
akakilaza mezani, makali yakimwelekea yeye.
Wa pili akalaza. Kisha sikuweza tena kuhesabu,
mimi niliyeajiriwa kuhesabu.
Mashine ikaendelea kukata hewa, ikisita penye mbavu zisizokuwepo,
maana samaki hapandi mwenyewe:
lazima mtu amlaze, kichwa kushoto, tumbo kwako.
Nje malori ya Kirumba yalipiga honi.
Barafu ikayeyuka, ikapita chini ya geti,
ikafuata mtaro kurudi ziwani.

Sisemi tulishinda.
Mashine ipo. Mafuru anashika spana zake,
meza zimepungua, zamu zimegawanywa ili pasiwe wa kutoka,
na mshahara uliogawanywa hivyo unauma, tusidanganyane.
Barua hazijatoka.
Mizani mpya inaandika yenyewe; kalamu yangu niliifungua,
na uzi wake nimefungia buti.
Sasa nami nakata, vibaya, kwa woga.

Jana homa ilinishika tangu saa mbili.
Nilikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, natetemeka,
kisu sikukigusa.
Jioni kioo cha mizani kikawaka jina langu:
kilo mia moja na arobaini na sita.
Nikageuka.
Wote walikuwa wanaosha buti.